Mkaa, gesi au umeme: jiko lipi kwa nyumba ya Mbeya, Iringa au Njombe?

Kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma, vijiweni watu wanabishana kuhusu petroli, bia na soda. Jiko halitajwi sana. Lakini piga hesabu ya mwezi: ukishatoa kodi ya nyumba na unga, kinachofuata kwa familia nyingi za Mwanjelwa, Ipogolo au Makambako ni moto wa kupikia. Na hakuna moto ambao serikali haijautia mkono. Nishati zinatofautiana tu mahali zinaposhikiwa. Mkaa unashikiwa msituni na kwenye mageti ya njiani, gesi inashikiwa bandarini na kwenye lita ya dizeli, umeme unashikiwa kwenye mita iliyo ukutani kwako.

Kwa hiyo anayekwambia gesi ni nafuu na anayeapa kwamba mkaa ndio mpango mzima, wote wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa nyumba yake. Makala hii ni kwa ambaye bado anasitasita.

Wanaokumbuka majiko ya utambi wanajua sera inavyoweza kuliondoa jiko sokoni. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo, watu wakayatumia kuchakachua dizeli, na bajeti ya 2011/12 ikaupandisha ushuru wake ukaribiane na wa dizeli. Aliyelengwa alikuwa mchakachuaji. Aliyelipa ni mpangaji wa chumba kimoja aliyekuwa akichemshia chai ya asubuhi kwenye jiko la mchina. Safari hii upepo unavuma upande mwingine: Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ukinunua jiko leo, unanunua ukiwa ndani ya mpango huo, upende usipende.

Vigezo vya kupimia

Nitaipima kila nishati kwa mambo matano. Kwanza, serikali imeishika wapi, maana hapo ndipo bei itakapotikisika kesho. Pili, hela ya kuanzia. Tatu, gharama ya kupika kwenyewe. Nne, uhakika wa kuipata. Tano, inamfaa nani.

Kwa gharama ya kupika nimechagua kipimo kimoja kwa zote: joto linaloingia sufuriani kutoka mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 12.8 za umeme, na jiko la kawaida hupeleka kwenye sufuria nusu yake au zaidi kidogo. Mtungi mzima basi unakupa uniti 40 hivi za joto lenye kazi. Bei za mtaani nitakazotumia ni za mfano, wewe weka za kwako.

Jambo moja la huku kwetu ambalo matangazo ya majiko hayalitaji: mwinuko. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Njombe ni juu zaidi. Wali utaona tofauti ndogo, lakini maharage makavu na kande vinakaa motoni muda mrefu kuliko Dar es Salaam. Hesabu ya gesi uliyopewa na ndugu yako wa Temeke usiichukue kama ilivyo.

MKAA

Serikali inaushika wapi. Mkaa halali una safari ya karatasi: kibali cha kuvuna, malipo ya mrabaha kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na ushuru wa halmashauri unakopita. Mkaa unaoingia Mbeya ukitoka upande wa Chunya au Mbarali hubeba gharama hizo zote hadi kwenye gunia. Ule unaopita usiku kwa pikipiki haubebi, na ndiyo maana magunia mawili yanayofanana yanaweza kuwa na bei mbili sokoni. Doria zikikazwa, mkaa wa magendo unapungua na bei ya ule halali nayo inapanda, kwa sababu wote sasa wanaugombania. Mpikaji wa Ilomba hatangaziwi chochote. Anaona tu sado, lile kopo la kupimia, imekuwa na kilima kidogo kuliko wiki iliyopita.

Bei ya mkaa haina tangazo. Hakuna mamlaka inayokutangazia bei kikomo kama EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inavyofanya kwa petroli, dizeli na mafuta ya taa kila mwanzo wa mwezi. Ukionewa, umeonewa.

Hela ya kuanzia. Ndogo kuliko zote. Jiko la bati unalipata kwa hela ya mboga, na jiko banifu lenye udongo ndani ni ghali kidogo ila linarudisha hela yake haraka.

Gharama ya kupika. Kilo ya mkaa ina joto la uniti 8 hivi, lakini jiko la bati linapeleka sufuriani robo yake au pungufu. Kupata joto la mtungi mmoja mdogo utachoma kilo 20 hadi 25. Jiko banifu zuri linaweza kuishusha hadi kilo 15 hivi. Zidisha kwa bei ya kilo unayonunulia. Ukinunua kwa shilingi 1,000 kwa kilo, jiko la bati linakula elfu 20 hadi 25, na jiko banifu elfu 15. Tatizo ni kwamba wengi hawanunui kwa kilo. Wananunua kwa kopo au kiroba, na chini kuna chenga. Kabla ya kulipa, ingiza mkono hadi katikati ya kiroba, toa vipande viwili na uvigonge: mkaa wa mti mgumu unalia kama kigae, ule mwepesi haulii na utakwisha kabla maharage hayajaiva.

Uhakika. Upo kila kona mwaka mzima, ila kuanzia Novemba mvua zikishika, njia za porini zinaharibika, mkaa unafika umelowa na bei inapanda. Anayeweza kununua gunia Septemba akaliweka pakavu, anaokoa.

Kuna faida ambayo wataalamu wa nishati safi huipita haraka: Juni na Julai mkaa unapasha nyumba joto. Kwa Njombe na Uporoto hilo si jambo dogo. Lakini jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kama lazima upashe chumba, jiko litoke nje kabla hamjalala, bila mjadala.

Inamfaa nani. Mwenye kipato cha kila siku anayenunua cha leo, mwenye vyakula vya kuchemsha saa nyingi, na mwenye uwanja au veranda ya kupikia nje.

Kando ya mkaa wa miti kuna mkaa mbadala. Huku kusini unaojulikana zaidi ni ule wa STAMICO, shirika la madini la taifa, uitwao Rafiki, unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, na Kiwira ni mojawapo ya vyanzo vyake. Kwa anayepika chakula kingi ni chaguo la kuangalia, kwa sababu moto wake unadumu. Kwa chai ya watu wawili utachoka kuusubiri ushike.

GESI

Serikali inaishika wapi. Swali ninalolisikia sana ni hili: gesi ya Mtwara ni yetu, mbona mtungi ni ghali? Jibu ni kwamba iliyomo kwenye mtungi si ya Mtwara. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay kwa sehemu kubwa ni methani, inasafiri kwa bomba, na kazi yake kuu ni kuzalisha umeme. Ya mtungi ni gesi ya petroli inayotoka nje kwa meli. Kama kuna gesi ya Mtwara inayofika jikoni Mbeya, basi inafika kwa kupitia waya wa umeme.

Kwa hiyo bei ya mtungi inafuata soko la dunia na thamani ya shilingi mbele ya dola, mambo mawili ambayo Bunge haliwezi kuyapigia kura. Mkono wa serikali unaonekana kwingine. Umesamehe VAT kwenye gesi yenyewe. Umetoa ruzuku ya mitungi kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ambapo mtungi wa kilo 6 na jiko lake viliuzwa kwa nusu bei kwa wenye kitambulisho cha NIDA. Na kuna mkono unaosukuma kinyume: tozo za mafuta. Bajeti ya 2023/24 iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli, na lori lililobeba mitungi kutoka Dar es Salaam linachoma dizeli hiyo likipanda Kitonga, likapita Makambako na Igawa ndipo lifike Uyole. Mtungi wa Mbeya umelipa safari ambayo mtungi wa Kibaha haujalipa. Ukisikia dizeli imepanda Jumatano ya kwanza ya mwezi, usishangae muuza gesi akikwambia wiki mbili baadaye, "Mama, mzigo umepanda huko Dar."

EWURA haitangazi bei kikomo ya gesi ya mtungi. Maduka mawili yanayotazamana Mafiati yanaweza kutofautiana kwa elfu moja au mbili, kwa hiyo uliza yote mawili.

Hela ya kuanzia. Hapa ndipo wengi wanakwama. Mtungi mpya na jiko lake unalipia kwa mkupuo. Ruzuku ililenga kizingiti hicho hasa, na ilifanya vizuri kulenga hapo. Lakini ruzuku ilinunua mtungi wa kwanza. Wa pili na wa kumi unajaza mwenyewe kwa bei ya duka, na ndiyo maana ukipita mitaani unaiona mitungi midogo imegeuzwa viti. Kabla ya kupanga foleni ya mtungi wa nusu bei, jiulize kama mwisho wa mwezi utakuwa na elfu 20 na kitu kwa pamoja. Kama kipato chako kinakuja elfu tanotano, gesi itakusumbua hata ikiwa nafuu kwa hesabu ya mwezi.

Gharama ya kupika. Tuchukulie unajaza kilo 6 kwa shilingi 25,000. Hiyo ndiyo bei ya uniti zetu 40 za joto: shilingi 625 kwa kila moja. Mtungi wa kilo 15 kwa kawaida unashusha bei ya kilo. Dai mzani dukani: mtungi umechongwa uzito wake ukiwa mtupu, ongeza 6, na usikubali kuondoka kama haufiki.

Uhakika. Mzuri mijini. Vijijini inabidi utafute bodaboda, na nauli yake inaingia kwenye bei. Kuisha ghafla usiku ni kero ya kweli, kwa hiyo wengi wanabaki na jiko la mkaa pembeni.

Inamfaa nani. Mwenye mshahara wa mwezi, anayepika haraka asubuhi kabla ya kazi, na mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kusikia habari ya jiko la umeme.

UMEME

Serikali inaushika wapi. Kila mahali, na kwa uwazi kuliko nishati nyingine. Bei ya uniti inaidhinishwa na EWURA, na viwango hivi vimewekwa tangu 2016: mteja mdogo wa nyumbani, ambaye mtaani tunamwita wa tarifu 4, analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida, tarifu 1, analipa 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Matokeo: 122 kwa mmoja, 356.24 kwa mwingine. Uniti ileile, waya uleule.

Angalia ujumbe wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, wa mteja wa tarifu 1 aliyenunua shilingi 5,000 mwanzoni mwa mwezi. Kwanza inakatwa kodi ya jengo, 1,500. Zinabaki 3,500. Hapo umeme wenyewe ni 2,868.85, VAT ni 516.39, REA 86.07 na EWURA 28.69. Anapata uniti 9.8. Jirani wa tarifu 4 ambaye ameshakatwa kodi ya jengo mwezi huo, kwa 5,000 hiyohiyo, anapata karibu 41. Nimeona watu wakigombana na majirani kwamba mita yao "inakimbia" wakati mita haina kosa lolote.

Kodi ya jengo ilianza kukatwa kupitia LUKU mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Ni deni la mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme ndiye anayelikuta, na anapaswa kukubaliana na mwenye nyumba alirudishe kwenye kodi ya pango. Sema jambo hilo mapema, siku ya kusaini mkataba, si siku ya kugombana. Na angalia ajabu yake: gesi iliyotoka ng'ambo imesamehewa VAT, umeme wa Mtera, Kidatu na Kihansi, mabwawa yanayotegemea maji ya nyanda zetu hizi, unalipiwa VAT. Mtu anaweza kuitetea hesabu hiyo kwa upande wa mapato ya serikali. Kwa upande wa jiko ni vigumu kuitetea huku mkakati unasema tuache mkaa.

Hela ya kuanzia. Kama umeme tayari upo, gharama ni jiko tu. Kama haupo, inategemea umewekwa kundi gani: kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, mjini ni 320,960 kwa njia moja bila nguzo. Mtaa wa pembezoni mwa mji unaweza kuwa na mashamba ya mahindi pande zote na bado ukahesabiwa mjini.

Gharama ya kupika. Jiko la koili linapeleka sufuriani karibu robo tatu ya umeme linaoula. Ili upate joto la mtungi mmoja wa kilo 6 unahitaji uniti 55 hivi. Kwa tarifu 1 ni shilingi 19,600 hivi, chini ya gesi ya elfu 25. Kwa tarifu 4 ni 6,700. Hakuna moto wa kununua unaokaribia hapo.

Lakini tarifu 4 ina mtego. Uniti 55 za jiko zikiondoka, zinabaki 20 kwa taa, televisheni, pasi na friji. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada inatozwa 350 kabla ya kodi, yaani 427, na ukizoea kuvuka unahamishiwa tarifu 1 kabisa. Kwa hiyo serikali inayokuhimiza upikie umeme ndiyo hiyohiyo ambayo bei zake zinakuadhibu ukiufanya ndio moto wako mkuu. Kwa nyumba ya watu watano, jiko la koili peke yake litakutoa kwenye tarifu 4.

Njia ya kupita katikati ni jiko la presha la umeme. Linafunga mvuke ndani, joto linapanda juu ya nyuzi 100, na kikwazo cha mwinuko kinaisha. Sufuria ya maharage inaiva kwa chini ya uniti moja. Hata kwa tarifu 1 hiyo ni chini ya shilingi 356. Maharage hayohayo kwenye mkaa yatachoma zaidi ya kilo moja. Ukilitumia kwa maharage, kande, nyama ngumu na ndizi tu, unaweza kubaki ndani ya uniti 75.

Uhakika. Mgao wa 2023 ulimkatisha tamaa kila mtu. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa Februari 2024, uzalishaji si tatizo tena kama zamani. Kinachobaki ni nguzo, transfoma na radi za msimu wa mvua. Usibaki na umeme peke yake.

Inamfaa nani. Mwenye mita yake na tarifu 4, mwenye kupika vya kuchemsha, na aliyejipanga kufuatilia uniti zake. Haumfai mpangaji anayechangia mita na vyumba vingine vinne, ambako jiko lako litakuwa ajenda ya kila kikao cha LUKU.

Kwa hali yako

Unapanga chumba, mita ya kuchangia, hela inakuja kwa siku: baki na mkaa lakini badili jiko liwe banifu, na nunua kwa kilo au gunia la kuchangia na jirani badala ya kopo. Ukifaulu kuweka akiba, mtungi mdogo uwe wa chai na mboga tu.

Una mshahara, familia ya watu wanne au watano mjini, mita yako mwenyewe: angalia kwanza uko tarifu gani, kwenye ujumbe wa LUKU. Kama ni 4, gesi kwa vya haraka na presha ya umeme kwa vya kuchemsha. Kama ni 1 na matumizi yako ya miezi iliyopita hayafiki 75, nenda ofisi ya TANESCO na uombe kuangaliwa kabla ya kununua jiko lolote. Kama unavuka 75 kwa mbali na huna mpango wa kupunguza, basi tarifu 1 haikuzuii: umeme kwa bei hiyo bado unashindana na gesi.

Una mama lishe au unahudumia shule: sheria inakugusa kabla ya bei. Taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku zilipewa hadi Januari 31, 2024 kuacha kuni na mkaa wa miti. Kibanda cha sahani 40 hakiko kwenye katazo hilo, ila ukikua utaingia. Ukinunua jiko jipya la kazi, lisiwe la mkaa wa miti tu. Nao wazazi, shule ikibadili jiko, kaeni kwenye kikao mchango unapopangwa upya, maana kuni mlizokuwa mnapeleka zilikuwa hazina bei na gesi inayo.

Uko Mafinga, Njombe au jirani na Sao Hill, ambako mabanzi na vumbi la mbao vinapatikana kwa hela ndogo: hesabu zangu zote za mkaa hazikuhusu. Jiko la vumbi la mbao lililoshindiliwa vizuri, nje, kwenye banda lenye upenyo wa moshi, litakushindia gesi kwa bei kwa miaka kadhaa. Hela utakayookoa weka kwenye presha ya umeme kwa siku za mvua, wakati vumbi limelowa.

Unajenga: weka bomba la gesi nje ya ukuta, soketi ya jiko la umeme yenye waya wake, na banda la moto pembeni. Mwenye moto wa aina mbili anaweza kuhama bajeti inapobadilika, na Julai bei mpya zikianza anachagua kwa siku chache atapikia upi.